Kisanduku Kisichopungua

Klaten, 10 Aprili 1994

Mke mwenzangu Wening,

Assalamu alaikum. Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisuta kila nikijitwika kikapu cha chupa. Anayeandika ni Darmi fundi cherehani. Nimemwapisha asipambe neno langu hata moja.

Nimesikia ushirika wa maziwa umekupokea kwa mazoezi ya kazi, tena wamekukabidhi kisanduku cha matumizi madogo. Wakikupa barua nzuri, Juni unafanya mtihani wa cheti cha hesabu. Wasipokupa, mwaka mzima umekwenda na maji. Basi sikia. Sijui kitabu, lakini miaka thelathini nauza vinywaji vya manjano na ukwaju, na wanawake wanne wananitembezea chupa zangu. Fedha ikipungua mkononi mwako, usipige kelele. Toa pindoni, ujaze. Jina likichafuka halifuliki.

Na ule. Usiniletee mifupa.

Bibi yako

Semarang, 8 Mei 1994

Bibi,

Shikamoo. Kifua kimepona. Goti unalikanda, au unalitukana tu?

Kisanduku kinapungua, Bibi. Mara ya kwanza rupia elfu mbili, kisha elfu tatu, sasa karibu kila siku mbili. Nahesabu mara tano. Hati zote zipo, fedha haipo. Nimejaza kama ulivyosema. Mzee Wiryo, karani mkuu mwenye ufunguo wa pili, ananisifu mbele za watu kwamba tangu nifike kisanduku hakijapungua hata senti. Nakula wali na chumvi. Kitabu cha mtihani bado sijanunua.

Mjukuu wako

Klaten, 15 Mei 1994

Wening,

Marahaba. Goti liko palepale. Wali na chumvi? Mimi nimekulea kwa chumvi?

Acha kujaza leo hii. Pengo la siku moja ni bahati mbaya. La kila siku mbili lina mikono na miguu. Na huyo mzee anayekusifu mchunge. Anashangaaje kwamba hakijapungua, kama hajui kwamba kilipaswa kupungua? Nenda kwa meneja, useme yote.

Bibi yako

Semarang, 27 Mei 1994

Bibi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa.

Yako ilifika siku mbili baada ya mkaguzi. Alinikuta natia fedha yangu kisandukuni. Mzee Wiryo alipobanwa alikiri kwamba amekuwa akichota tangu kabla sijafika. Nikadhani nimepona. Mkaguzi akanigeukia: “Yeye amechota, wewe umemfunika. Nitajuaje kwamba hamkuwa mkigawana?” Nikasema ndivyo nilivyofundishwa, pengo hujazwa.

Barua yangu ya sifa imezuiwa, na chuo kinasema bila hiyo hakuna mtihani. Nimepewa hadi tarehe saba Juni nieleze kwa maandishi nani alinifundisha hivyo. Sitakutaja. Heri nirudi kusaga manjano kuliko watu wa ofisini wamcheke bibi yangu.

Mjukuu wako

Klaten, 31 Mei 1994

Wening,

Leo salamu zisubiri. Nitaje.

Miaka tisa wifi yangu Tukinah, dada wa babu yako, anayenitembezea chupa hadi leo, alinirudishia fedha pungufu. Nilijua. Nilijaza kwa kuogopa babu yako asije akaninunia. Watu wakaniita mwaminifu, nami nikanenepa kwa jina hilo. Mama yako alipotakiwa kuingia sekondari, karo yake ilikuwa imeshaliwa na pengo la Tukinah. Akaenda kiwandani. Amekufa hajui ni kwa nini. Darmi ameacha kuandika, analia. Nimemsukuma bega aendelee.

Karatasi hii mpelekee huyo bwana. Bwana Mkaguzi, aliyemfundisha ni mimi, Karsiyem. Niliuita uaminifu, kumbe ulikuwa woga. Ukitaka kucheka, njoo Klaten unichekee usoni, nitakupa kikombe cha dawa chungu bure. Mtoto mwache afanye mtihani.

Wino ni wa Darmi. Dole gumba hili hapa chini ni langu.

Bibi yake

Semarang, 30 Juni 1994

Bibi,

Shikamoo, tena shikamoo. Hawajakucheka. Mkaguzi aliisoma mara mbili, akaliangalia dole lako muda mrefu, kisha akatia saini barua yangu.

Kwenye mtihani wa mdomo, mama mmoja mwenye miwani aliuliza: “Kisanduku kimepungua elfu mbili. Unafanya nini?” Nikamwambia naandika kwamba kimepungua, kiasi na tarehe, natia saini, nampelekea mkubwa wangu, na mkono wangu hauendi mfukoni.

Majina yamebandikwa leo. Langu ni la nne kutoka chini, lakini lipo. Nimekula samaki mzima.

Mjukuu wako

Klaten, 8 Julai 1994

Mke mwenzangu mwenye cheti,

Marahaba. Goti limecheza, mwenyewe sikulituma.

Jana Tukinah alirudisha chupa, fedha ikapungua mia nane. Mkono ukaenda pindoni wenyewe. Nikaurudisha. Nikamwita Darmi aandike ukutani kwa chaki: Tukinah, mia nane, na tarehe.

Tukinah akatazama ukuta, akanitazama mimi. “Wifi, tumezeeka hivi, ndiyo leo unaandika?”

Nikamwambia ndiyo leo.

Bibi yako