Nimeikwamisha Swichi Inayolinda Macho ya Mpwa Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana hofu imenikausha hata mizaha. Mimi ni mzee wa ufagio, shule niliiacha kabla haijanizoea, nafagia maabara anakofanya kazi mpwa wangu, binti wa dada yangu, yeye ana bomba la kioo lenye gesi, analipiga umeme mpaka linawaka zambarau, anasema atomu na molekuli za humo zinapandwa na mori, kisha anazimulika kwa leza ajue ngapi zimechachamaa, nikamwambia aje amulike mke wangu, atapata jibu mapema. Sasa mlango wa chumba kile una swichi, ukifunguliwa leza inazimika, na kila nilipoingia kuchukua taka nilimharibia, kuilenga upya ni asubuhi nzima, akawa ananung'unika, nikamwonea huruma, nikaibana swichi kwa utepe. Akafurahi, akasema siku hizi naingia kwa adabu, nafungua mlango taratibu hata leza ikiwaka tena haihitaji kulengwa. Juzi akanieleza kuwa mwale wenyewe hauonekani kwa macho, nami nikakumbuka kwamba mlango ukilia yeye huvua miwani ya kinga amtazame anayeingia, akijua leza imekufa. Nikamuuliza, je, ukimpata mtu?

"Jicho linaungua kabla hujapepesa, Mjomba."

Nikangoja atoke, nikabandua utepe, kumbe swichi imekwama ndani, hairudi. Tangu hapo nasimama mlangoni na ndoo, kila ajaye namwambia sakafu ina maji. Nikikiri nitafukuzwa, na yeye ndiye aliyeniombea kazi. Nifanyeje?

Mzee wa Ufagio

*

Mzee wangu, pole, lakini akili umeiacha wapi? Uliandika tarehe mbili, barua imenifikia tarehe sita. Siku nne unalinda macho ya mtoto wa dada yako kwa ndoo! Ulipokwenda haja, nani alisimama pale? Utepe ulikuwa wa mapenzi na ujinga, huo nakusamehe. Kunyamaza ni woga wa kupoteza ufagio. Kazi utapata nyingine au utakosa. Jicho haliuzwi dukani.

Basi sikiliza. Usiufungue mlango ule hata kidogo, maana atavua miwani akusalimie. Mpigie simu ukiwa nje. Mwambie aizime leza kwenye mashine yenyewe, miwani ikiwa usoni, ndipo umweleze habari ya swichi. Wala usingoje shikamoo yake, wala usianze na samahani. Radhi utaomba akishaizima.