Boneti Iliyoniamkia

Kilosa, Jumanne

Na kisogo bado kinagonga. Asubuhi nimefungua boneti nitie maji, ikaanza kuinama polepole kama mkwe anayeamkia. Mjinga mimi nikaitikia, "Marahaba." Ikaniangukia.

Vile vyuma viwili vinavyoibeba, kimoja kimelowa mafuta, kingine ukikisukuma kwa mkono kinaingia bila ubishi. Vimekufa. Nikaenda Mikumi, nikapata jozi ya gari lililogonga nyati, nikafunga vyote. Sasa boneti inasimama yenyewe.

Tatizo mke wangu, Mama Rehema. Alishaapa boneti ikimpiga tena mumewe, gari linauzwa. Na mimi bila gari ni mzee wa kukaa kibarazani tu, kufukuza kuku... Nikala ugali na kofia kichwani.

"Baba Rehema, kofia leo imeota mlima?"

"Nywele zinarudi, mke wangu."

Akanivua kofia, akacheka mpaka akakohoa. Akanikanda kwa maji ya moto.

"Vyuma umebadilisha?"

"Vyote viwili."

"Haya. Tulia nikukande."

Ya kuuza hakuyataja. Nimechoka lakini. Siku hizi kila kitu mtumba: shati, gari, hadi vyuma vya boneti. Kisogo tu ndicho hawajaleta.