Behewa la Shaba Lisilojaa

Ndosho, Goma

Papa yangu mpenzi,

Asalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha kamba, mguu wa kulia umeunyoosha, na Mama analalamika kwamba umeziba mlango. Kama ni hivyo, basi nyumbani kuna amani. Magoti yanasemaje? Na masikio? Kaka Juma ananiambia sasa hata adhana huisikii vizuri, na kwamba wewe unashikilia kuwa ni mwadhini ndiye aliyepunguza sauti. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua wewe husoma barua kama ulivyokuwa ukikagua mzigo stesheni, unatafuta kwanza palipolegea. Hapajalegea kitu. Nala vizuri, nalala vizuri, na kile kikohozi cha vumbi kimenitoka. Hali ya mji Mama anaisikia redioni na kukusimulia, sina haja ya kuongeza. Kuna siku tunafunga karakana mapema, kuna siku hatuifungui kabisa, kisha asubuhi inayofuata watu wanapiga misumari kama kawaida.

Juma alinipigia simu akanipa maneno yako: ndoa yangu imeshavunjika, Goma sina mtu, nirudi Kindu. Sikumjibu yeye, kwa sababu jambo ni lako na langu, na kwa simu hunisikii. Ndiyo maana naandika. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike, kama utakuwa bado na hamu.

Unajua kwamba nilikuwa nafanya kazi kwa Papa Kambale, yule fundi wa Butembo anayetengeneza chukudu, ile toroli ya mbao ya magurudumu mawili ambayo watu wanashushia makaa na viazi kutoka Kibati. Kazi yangu ilikuwa kusugua usukani kwa msasa. Msasa ulisugua hata mikono yangu, ikawa laini kuliko ya bibi harusi, lakini si kazi ya kumwandikia mzazi, ndiyo maana sikuwa naandika sana.

Siku moja akaja karakanani mzee mmoja anayeitwa Papa Asumani. Anakaa mtaa wa Mapendo, asili yake ni Maniema kama sisi, na aliishi Ulaya miaka mingi kabla ya kurudi. Sebuleni kwake amejenga reli ndogo, Papa. Reli kamili, juu ya meza inayozunguka chumba kizima, na treni inayotembea kwa betri, kila behewa likiwa na urefu wa kiganja na vidole vyake. Anataka watoto wa shule waje kuitazama, kwa sababu watoto wa Goma wanajua ndege, wanajua meli, lakini treni hawajawahi kuiona. Shida yake ilikuwa moja. Mabehewa aliyanunua huko huko, na mizigo iliyokuja nayo ni ya huko: magari mapya yanayong'aa, na mboga fulani ambazo mimi sijawahi kuzila. Yeye alitaka mizigo ya reli yetu.

Akaniambia, "Mama, banasema weye ni mutu wa Kindu. Unajua namna banapakia treni?"

Nikamwambia, "Nilizaliwa pembeni ya reli, Papa. Papa yangu alikuwa kapita, musimamizi wa bapakiaji."

Hakuniuliza kama nimewahi kupakia hata gunia moja, nami sikuona sababu ya kumsumbua na jambo hilo.

Nilianza na vitu rahisi. Magogo nilikata kutoka vitawi vya mkaratusi, na maganda yake nikayaacha. Makaa ya mawe nilipata bure, maana hapa ardhi yote ni mawe meusi ya volkano: unaponda, unachunga kwa chandarua cha zamani, unachunga tena kwa kichujio cha chai, na ukimimina kwenye behewa huwezi kusema si makaa. Magunia ya mpunga yalinitesa. Ya kwanza niliyajaza pumba, na panya wa karakana wakafanya karamu. Ya pili nikayajaza mchanga mweusi huo huo, nikaona yanalala mazito na kunyong'onyea pembeni kama gunia la kweli lililorushwa na mtu aliyechoka. Nikayapanga kwa kupishana, midomo yote ikitazama ndani ili mwizi asiipate. Papa Asumani hakuwa amewaza jambo la midomo. Alivua miwani, akaivaa tena, akasema, "Ee, njo vile. Njo vile kabisa."

Kisha tukafika kwenye shaba, na hapo binti yako akaaibika.

Nilipata shaba ya kweli, kutoka rejeta za magari yaliyokufa. Nikaikata vibamba vidogo, nikavifunga mabunda, nikajaza behewa kutoka ukuta hadi ukuta, kisha nikapandisha juu ya ukuta, kisha nikaongeza. Papa, mimi nimekaa Goma muda mrefu. Hapa lori la Fuso haliondoki mpaka mzigo uwe juu kuliko nyumba, na juu ya mzigo magodoro, na juu ya magodoro watu, na pembeni mbuzi wananing'inia. Macho yangu yameshazoea hivyo, yakiona nafasi yanaumia. Papa Kambale alipoliona lile behewa aliita hadi majirani. "Hii njo kujaza, mama. Hata Fuso ya Butembo haijae hivi." Nikavimba kichwa.

Tukalipeleka Mapendo. Papa Asumani akaliweka kwenye reli, akabonyeza, na treni ikagoma. Injini ilizungusha magurudumu palepale, ikanuka moto, haikusogea hata kidole. Yeye hakuona tatizo kubwa. Akasema nitoe shaba, nitie karatoni tupu ndani, na juu nitandaze vibamba vichache, behewa libaki limeshiba kwa macho.

Nilikuwa nimeshashika mkasi, Papa, nakuambia kweli. Ndipo nikakukumbuka. Nilikuwa bado mtoto, nimekuletea chakula stesheni, na kulikuwa na treni ya shaba imesimama, imetoka kusini. Kila behewa lilikuwa karibu tupu: mabunda machache upande huu juu ya magurudumu, mabunda machache upande ule juu ya magurudumu, na katikati sakafu inaonekana. Nilikuuliza kwa nini wanapoteza nafasi yote ile. Ukanijibu bila kugeuka, "Ile haiko nafasi. Ile ni kilo." Halafu ukanifukuza: "Toka apa. Apa haiko fasi ya mutoto mwanamuke." Ulinifukuza karibu kila siku, nami kila siku nilirudi na chungu cha Mama, nikakaa nyuma ya ghala nikatazama. Miguu yangu ndiyo uliyoifukuza, macho yalibaki.

Nikaweka mkasi chini. Nikatoa mabunda zaidi ya nusu, nikaacha machache kila mwisho juu ya magurudumu, nikayainua kwa vibao ili kamba ipite chini, nikapiga kabari. Treni ikaondoka bila kugugumia. Ikazunguka meza nzima.

Papa Asumani hakufurahi hata kidogo. "Mama, batoto batasema behewa iko tupu."

"Baseme."

"Hii treni ni yangu."

"Treni ni yako, Papa. Muzigo ni wangu. Kama unataka karatoni, utafute mutu mwingine."

Nilisema hivyo kwa mzee mwenye mvi, ndani ya nyumba yake. Akazima treni yake. Mwishowe akasema tuliache hivyo mpaka watoto waje. Watoto wakicheka, mizigo yote itapewa mtu mwingine na mimi nirudi kwenye msasa wangu. Nikakubali, kwa sababu ningefanya nini?

Wakaja, darasa zima na mwalimu wao. Treni ikatoka chini ya dirisha, ikapita na magogo, ikapita na mpunga, ikapita na mapipa ya mawese, na watoto wakapiga makofi kila kitu kilipopita. Shaba ilipofika, makofi yakakatika. Mimi nilikuwa mlangoni, nikatamani kuwa Kibati, au mbali zaidi.

Msichana mmoja mwembamba akainama, akatazama ile sakafu tupu ya katikati, akatoa hukumu: "Hii baliiba ingine njiani."

Ugomvi ukaanza. Mmoja akasema ni dereva. Mwingine akasema hapana, ni benye kulinda. Wengine wakaanza kutaja vizuizi vya barabarani, kila mtu kile anachokijua, na jinsi mzigo unavyopungua kila ukivuka. Papa Asumani alisimama kinywa wazi. Kisha uso wake ukabadilika, maana hakuna kitu mzee yule anakipenda kama kuulizwa. Akasimamisha treni, akampa yule msichana gunia la mpunga mkono mmoja na bunda la shaba mkono mwingine. Mkono wa shaba ukashuka. Ikabidi kila mtoto ajaribu, na wakimaliza wanarudi nyuma ya mstari wapange foleni tena, mpaka mwalimu akawafukuza kwa khanga.

Walipoondoka, Papa Asumani alifuta reli kwa kitambaa. Akasema tu, "Ufanye yote hivi."

Sasa nina meza yangu, Papa, upande wa dirisha, mahali Papa Kambale alipokuwa akirundika mbao mbovu. Treni nzima ni kazi yangu, na kuna shule nyingine imekuja kuuliza kama tunaweza kuwajengea meza kama ile. Papa Kambale sasa ananiita Shefu wa Gare, kana kwamba stesheni ni yangu, na akitaka msumari wangu anaomba ruhusa. Nimejua ninachokijua kwa kukutazama wewe, na nimekuwa mtu kwa sababu yake. Siwezi kukiacha.

Juma aliniambia umepaka chokaa chumba cha nyuma kwa ajili yangu, kwa mikono yako, na magoti hayo. Nililia, sitakuficha. Nawakumbuka kila siku inayokuja. Lakini mimi si mtu aliyepotea anayesubiri kuchukuliwa, na huruma yako, ingawa ni ya mzazi, inanikaa vibaya kama nguo ya mtu mwingine. Kama ni kunitazama, nitazame kama ulivyokuwa ukiwatazama watu wako wa kazi.

Nisalimie Mama, mpishi wa stesheni nzima, umwambie mboga ya sombe ya hapa haifiki ya kwake. Nisalimie Juma, kaka yangu na tarumbeta yako. Shangazi anayeuza samaki wakavu ukingoni mwa mto, mwambie khanga aliyonipa bado ninayo. Na mzee jirani yetu, aliyekuwa dereva wa treni, mpe mkono wangu.

Aliyekuletea barua hii, yule mama mfanyabiashara wa vitambaa, amekuletea pia sanduku dogo. Ndani yake kuna behewa. Hili si la Ulaya, nimelichonga mwenyewe kutoka mbao za chukudu, na limebeba shaba. Papa Asumani alinisihi nigandishe mabunda kwa gundi, kama wafanyavyo wote wenye treni ndogo. Nikakataa. Hakuna tone la gundi humo. Kuna vibao, kabari, na kamba, na fundo ni lile lako la mkono wa kushoto ambalo watu wa stesheni walishindwa kuliiga.

Barabara kutoka hapa hadi kwako unaisikia watu wakiisimulia. Sanduku limepanda pikipiki, limepanda lori, limevushwa kwa mtumbwi, limebebwa kichwani, na sijui limeanguka mara ngapi. Sasa lifungue. Mpe Mama taa, uvae miwani, ukague kama kapita, usinionee haya.

Kama bunda moja limehama, hata kwa upana wa ukucha, mwambie Juma anipigie na nitakuja, sitabishana nawe tena maisha yangu yote. Nimekupa neno langu, na Papa Kambale ni shahidi.

Lakini mimi hapa sijafunga hata begi.

Binti yako,
Mwamini, mtoto wa kapita