Mwenye Ngome Hajarudi

Jumatatu, 17 Juni 1996

Onyesho la video hapa kambini saa nane mchana, kama kawaida. Jenereta ilikohoa, ikawaka. Nikapanda juu ya kreti kando ya televisheni, nikaanza kupiga kelele. Njo kazi yangu. Bazungu wanaongea Kiingereza, mi naongea juu yao kwa Kiswahili. Nikielewa, natafsiri. Nisipoelewa, nawapa mazungumzo ya chakula. Hakuna aliyewahi kulalamika. Wengine wanasema bazungu wa filamu zangu wanapenda sana maharage.

Leo ilikuwa ya mnyonya damu. Meno marefu, koti refu, adabu nyingi. Anafika mlangoni lakini hawezi kuingia mpaka akaribishwe. Ukumbi wote ulicheka. Fundi viatu akasema kutoka nyuma: "Huyu mama yake alimufundisha. Bale ba kwetu habakungoja karibu."

Wakacheka tena. Mara hii si kicheko kilekile.

Jumatano, 19 Juni

Mkanda wa ngome. Naupenda kuliko yote. Hauna rangi, nyeusi na nyeupe tu. Nyumba ya mawe kilimani, radi, mwanamke na mshumaa. Mwenye ngome alisafiri, hajarudi. Mkewe anasikia viatu vinatembea juu ya dari. Anapanda ngazi kuangalia. Hapo watu wangu wanakasirika kila mara. Kwa nini anaenda peke yake? Aite bajirani! Halafu wanahesabu vyumba. Nyumba kubwa hivyo, mtu mmoja. Wangetupatia sisi, viatu vya darini vingekosa pa kukanyaga.

Shida ni mwisho. Papa Dédé, mwenye ukumbi, aliununua mkanda sokoni Mchesi, mjini, na aliyekuwa nao kwanza alirekodi mpira juu yake. Mwanamke anafika mlango wa juu. Anashika kitasa. Mlango unaanza kufunguka. Mara timu mbili zinakimbia uwanjani.

Basi Papa Dédé anazima sauti, anafunika kioo kwa kitambaa, na mi natunga mwisho. Kila mara mwingine. Watu wanarudi kwa ajili hiyo. Leo mume alikuwa mzima. Mto ulijaa, akachelewa, akaingia kwa mlango wa nyuma ili asimwamshe mke. Viatu vya darini vilikuwa vyake mwenyewe.

Mama Spès, jirani yangu, mwuza samaki wadogo, ndagala, alisimama pale pale. "Maman Cinéma, unatudanganya. Ule mwanaume alishakufa. Bantu bake tu habakumaliza kilio. Njo maana anazungukazunguka."

Wote wakaitika. Kwa Barundi hilo si jambo la kutisha, ni uzembe wa familia. Maiti haina kosa. Wakaondoka wakiwasema vibaya bashemeji wa yule mwanamke, ambao hata hawamo katika filamu.

Nilicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeshona suruali mbili za wateja, nikakosea zote mbili. Nimezifumua.

Jumamosi, 22 Juni

Shemeji Anselme alikuja kutoka Kauma, huko Lilongwe anakokaa. Yeye ni mdogo wa mume wangu, ndiye pekee wa ukoo wao niliye naye nchi hii. Amepata lori la kwenda kusini, nje ya nchi. Anaondoka Jumatatu ya tarehe moja. Kabla ya kuondoka anataka tufanye kuganduka, tumalize kilio cha mume wangu, Venant.

Nilimwambia kilio hakijaanza, kitamalizwaje.

"Tutaanza na kumaliza siku moja," akasema. Kama ndoa na talaka.

Venant hakufa mbele yangu. Tulikuwa njiani tunakimbia, akasema anarudi kumchukua mama yake, nitangulie, atanikuta mbele. Nilitangulia. Nimetangulia mpaka Malawi. Sivai nyeusi. Kwenye harusi sichezi. Si mke, si mjane. Wanaume wakiniuliza nasema nimeolewa, wanawake wakiniuliza nageuza maneno.

Shemeji anasema kuna mtu alifika mwezi uliopita kutoka kwetu, aliyesaidia kuzika watu karibu na daraja la njia ile. Mmoja wa waliozikwa alikuwa na koti la kahawia, kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Nilimwambia makoti ya kahawia ni mengi.

Alijua nani alishona kile kiwiko. Siku ile nilikosa uzi mwingine.

Jumapili, 23 Juni

Pasta amehubiri juu ya filamu za mashetani. Hakunitaja, ila macho yake yalikaa kwangu mpaka wimbo wa mwisho. Ana haki ya kuuliza. Kwa nini watu waliokimbia vifo wanakwenda kutafuta vifo vya kuigiza? Na ndani ya gereza tena. Ukumbi wetu ulikuwa stoo ya gereza la zamani, kabla serikali haijatuleta sisi hapa. Wenye kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria kutoka Lumbadzi, hawapendi kutushusha karibu na ukumbi. Wanasema waliofia humu bado wamo. Hatujawaona. Labda nao wametuona wakahama.

Jibu langu kwa pasta, ambalo sitampa: filamu hizi zina utaratibu. Mlango unalia kabla ya ubaya kuingia. Upepo unakuja kwanza. Mbwa wanajua. Kwetu asubuhi ile jogoo waliwika vizuri tu na mi nilikuwa nachambua mchele.

Jibu la pili silipendi. Katika filamu maiti inakuja yenyewe kusema imekufa. Inabisha dirishani, inaonyesha kidonda, inasema ilizikwa wapi. Mwanamke analia, lakini anajua. Namwonea wivu. Mtu mwenye mshumaa, na ngazi, na radi kichwani, na mi namwonea wivu.

Jumanne, 25 Juni

Baridi kali. Blanketi langu moja jembamba halitoshi. La pili, la Venant, zito, la mistari, nililolibeba kichwani kutoka Burundi, liko dirishani ukumbini. Dirisha ni moja, la juu, lina nondo, na bila kulifunika hakuna giza na bila giza hakuna filamu. Papa Dédé alitafuta kitu kizito, nikajitolea. Watu walinisifu kwa moyo mwema. Si moyo mwema. Nyumbani nilikuwa nalikunja, nalikunjua, silali.

Leo ngome tena, watu wameidai. Mume alirudi amepoteza kumbukumbu. Mke akampa chakula, akakumbuka. Makofi machache, ya huruma. Fundi viatu akaniambia mlangoni: "Dada, unachoka. Mwisho yako inaanza kufanana."

Nilimjibu viatu vyake pia.

Alhamisi, 27 Juni

Nilikwenda Lilongwe kutafuta uzi, nikajikuta Kauma, upande wa barabara mkabala na chumba cha shemeji. Alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Sikuvuka. Nilinunua viazi vya kukaanga, nikala nimesimama, nikarudi. Uzi nimesahau.

Nimekasirika naye. Anaondoka na ukoo wote ndani ya godoro. Asipokuwepo hakuna wa kusema maneno. Rafiki hawezi, pasta hawezi. Lazima mtu wa damu yake asimame, atangaze, anywe pombe kwanza. Shemeji akifika huko kusini, nitabaki kwenye ngazi na mshumaa maisha yangu yote.

Ijumaa, 28 Juni

Sijui niandikeje.

Ukumbi ulijaa. Ngome. Nilitafsiri vizuri, hata maharage sikutaja. Mwanamke akapanda. Akashika kitasa. Mpira ukaanza, Papa Dédé akazima sauti, akafunika kioo. Giza. Nilikuwa nimeandaa mwisho: mume ana pacha.

Nikasema: mlango ukafunguka. Ndani hamna mtu. Kuna koti tu, limetundikwa. Koti la kahawia.

Filamu haina rangi. Mi njo nilisema kahawia.

Nikaendelea, mdomo ulikuwa umeshatangulia. Nikasema akalishika kiwiko, akaona uzi mwekundu, wake mwenyewe. Nikasema viatu juu ya dari vikanyamaza, maana vilikuwa vinangoja hilo tu. Nikasema mwanamke akashuka ngazi na mshumaa akauzima, kumbe nje ilikuwa mchana.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyetoka. Nilisikia jenereta, na mtu anavuta kamasi, nikadhani ni mtu mwingine.

Mama Spès akaja mpaka kwenye kreti. Akanishika mguu, maana hapo njo alipofika. "Sasa umesema," akasema. "Shuka, dada yangu. Shuka pole pole."

Jumamosi, 29 Juni

Minibasi ya kwanza kutoka Lumbadzi. Mara hii nilivuka barabara.

Shemeji alikuwa ameketi juu ya godoro lake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanipotea. Nikasema tu, kesho uje.

Akaniangalia. "Kesho pombe haitakuwa tayari," akasema.

Nikamwambia Mama Spès aliichachusha tangu juzi ya juzi. Nilipomwuliza jana alijuaje, alisema hakujua, ila mtu akitunga mwisho mbaya mara nyingi hivyo, wa kweli uko karibu.

Shemeji akalia. Mi nilikunja mashati yake. Mtu lazima akunje.

Jumapili, 30 Juni

Tumefanya ukumbini, baada ya ibada. Hakuna chumba kingine cha kutosha watu. Pasta alikuja, akaomba kwa kifupi, akaangalia televisheni kama mtu anayeangalia nyoka aliyelala.

Giza lilikuwa bado limefungwa humo ndani. Shemeji akasema hawezi kumtangaza kaka yake gizani. Fundi viatu akapanda juu ya kreti yangu akashusha blanketi. Mwanga ukaingia wote kwa mara moja. Sikuwahi kuona kuta zile. Kuna mistari imekwaruzwa kwa msumari, mingi, kama ya mfungwa anayehesabu siku, chini karibu na sakafu. Kila mtu aliiona.

Shemeji akasimama. Akataja jina la baba yao, na kilima chao, na jina la Venant. Akasema alirudi nyuma kwa ajili ya mama yake, hakukimbia. Akasema kama kuna anayemdai, aseme leo. Hakuna anayemdai. Akasema mke wake yuko huru kucheza kwenye harusi. Hapo wakacheka kidogo, wanajua ninavyocheza.

Akanywa kwanza. Akanipa. Pombe ya Mama Spès ilikuwa kali na bado haijakomaa. Nilikunywa mpaka chini.

Jumatatu, 1 Julai

Lori limeondoka. Alipunga mkono mpaka kona, au alikuwa anashika kofia.

Jumatano, 3 Julai

Onyesho saa nane. Dirishani Papa Dédé ameweka katoni. Mwanga unapenya pembeni, hakuna anayelalamika.

Waliomba ngome. Mwanamke akapanda, akashika kitasa, mlango ukaanza kufunguka, mpira ukaja. Papa Dédé akanyoosha mkono azime sauti. Nikamwambia aache. Tukaangalia mpira wote pamoja mpaka kipenga. Sijui ni timu zipi. Moja ilifunga, tukashangilia.

Nimelifua blanketi la Venant, limekauka jioni. Bado linanuka petroli ya jenereta, si yeye. Ni zito kama zamani.

Baridi. Nimejifunika.