Pua ya Mkuu kwenye Peso ya Fedha

Moca, 6 Februari 1960

Mwanangu Cayo,

Mungu akubariki, na Bikira akufunike. Mimi mzima, ila moyo unanidunda kama kuku aliyeona kisu. Barua hii anakuletea dada yako Ozema, binti wa mamkubwa, ndani ya kopo la jemu ya mapera, pamoja na zile peso mbili za fedha ulizoniomba, zenye uso wa Mkuu wa nchi.

Za posta zinafunguliwa, Cayo. Shoga yangu Chepina anayefanya kazi posta alinivuta pembeni: "Mwanao kakuandikia, 'Usimsafishe, mwache na weusi wake usoni.' Anamsema nani?"

Nikamwambia ni peso tu, huko New York watu wanazikusanya.

"Haya, kawaeleze wenye kigari cheusi," akasema, wala hakucheka.

Nikaogopa, wapelelezi wale wakikuchukua hurudi. Kila Jumamosi tunafuta kibao cha ukutani kisemacho Mkuu ndiye mwenye nyumba hii. Leo uso wake ukutwe kwangu umeingia weusi? Nimezisugua kwa majivu na ndimu mpaka zimemeta. Nisamehe.

Shika neno moja. Tangu uzaliwe, ukabatizwa Leocadio, sijakuacha bila baraka. Siku ukipata barua yangu isiyo na baraka, jua kuna mtu kanisimamia begani. Usije.

Na kwenye posta usiandike habari za peso.

Mama yako,
Eduvigis

New York, 28 Februari 1960

Mama, nibariki.

Hujambo? Mimi sijambo, baridi tu. Ozema anakaa huku mpaka Mei, kwa hiyo natuma kwa posta. Jemu tumeimaliza siku mbili.

Lakini Mama wewe! Mzee anayezinunua kashika peso akaniuliza, "Nani kamnyoa huyu?" Pua ya Mkuu imekwisha! Peso ya zamani haisuguliwi, Mama, thamani yote inatoka na weusi. Nimecheka mpaka machozi.

Acha hofu. Nani ana muda wa kusoma barua ya mpika supu? Pasaka nakuja, tiketi nimeshakata.

Mwanao,
Cayo

Moca, 30 Machi 1960

Mwanangu mpendwa Leocadio,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mzima kabisa. Mabwana wawili walikuja na kigari chao, wakanisomea barua yako kwa sauti sebuleni, chini ya kibao. Ile ya pua tumeicheka sana. Ni watu wa adabu, wamekula mkate wangu wa muhogo, na leo wamenipa kalamu nzuri ya kukuandikia. Wanatamani kuziona hizo peso. Uje nazo Pasaka kama ulivyoahidi. Watakupokea wao wenyewe uwanja wa ndege.

Mama yako,
Eduvigis

New York, 8 Aprili 1960

Mama, nibariki.

Pasaka sitaweza. Jikoni wameninyima ruhusa. Peso sijaziuza. Nalala nazo chini ya mto, na pale palipokuwa na pua nahisi kidole chako.

Barua yako nimeisoma mbele na nyuma. Wageni wasalimie. Waambie kosa ni langu mimi, wewe ulisugua kwa heshima.

Nibariki, Mama. Andika hata mstari mmoja.

Mwanao,
Cayo

New York, 20 Mei 1960

Mama, nibariki. Wiki ya sita hii sijapata mstari wako.

Cayo