Fulana Ishirini na Sita

Macon, Georgia
Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Mdogo wangu mpenzi Velma,

Pokea salamu zangu nyingi hapo Toledo, wewe na shemeji Lionel. Natumaini goti lako limeanza kukunjika, na kwamba unafanya mazoezi uliyoagizwa na daktari hata siku usizojisikia kuyafanya, maana nakujua. Mimi ni mzima wa mwili. Presha imepanda kidogo, lakini ninameza dawa kwa wakati. Watoto wote tuliosafiri nao wamerudi shuleni.

Najua umesikia habari zetu kwa simu kutoka kwa watu watatu au wanne, kila mmoja kwa maneno yake. Nimeona nikuandikie mwenyewe, kwa utaratibu, tangu mwanzo. Tafadhali keti kwanza. Usisome ukiwa umesimama jikoni.

Unakumbuka kwamba mkutano wa ukoo wetu haukufanyika kwa miaka miwili, na mwaka huu walinichagua tena kuwa mwenyekiti. Vijana walipiga kura, wakachagua hoteli iliyo ndani ya bustani ya michezo kule Florida, kwenye zile treni zinazopinduka angani na farasi wa mbao wanaozunguka. Jumatatu ya wiki ile redio ilisema kimbunga kinaelekea Texas. Dorsey, mtoto wa kaka Cephus, aliniuliza kama haingekuwa busara kuahirisha. Nilimjibu kwamba kimbunga hakikualikwa kwenye mkutano wetu. Jumatano alfajiri basi liliondoka Macon na watu ishirini na sita, nami nikiwamo.

Alhamisi kimbunga kiligeuka. Kufikia jioni barabara zote za kwenda kaskazini zilikuwa zimejaa magari yaliyosimama, na vituo vya mafuta vimekauka. Meneja wa hoteli, Bwana Sandoval, aliwakusanya wageni akawaambia kwamba aliye ndani ya jengo imara yuko salama kuliko aliye ndani ya basi. Watu wa pwani wenyewe walikuwa wakikimbilia hoteli ile na mbwa wao na paka wao. Tukabaki.

Ijumaa asubuhi tulikula kifungua kinywa pamoja, wote tukiwa na fulana za ukoo, rangi ya chungwa, jina la Tolliver kifuani. Nilikuwa nimeagiza ishirini na sita kamili. Kaka Cephus alikuja na shati lake jeupe lililopigwa pasi. Nilimwuliza mbele ya watu fulana yake iko wapi. Akasema, "Ardelia, mimi nimenyoa watu miaka hamsini na miwili. Leo unataka kunivisha kama koni ya barabarani?" Watoto walicheka mpaka maziwa yakawatoka puani. Nilimwambia kwamba ukoo una kanuni zake. Akasema, "Na mimi nina miaka themanini na mmoja. Kanuni yangu ni kulala mchana." Kisha akaitoa fulana mfukoni, akaikunja vizuri, akaiweka kando ya sahani yangu. "Mpe atakayekutii, mwalimu," akasema, akaondoka kwenda chumbani kwake.

Chumba chake kilikuwa cha chini, katika jengo la mwisho kando ya bwawa, chini ya misonobari mirefu. Alikichagua kwa sababu hakutaka ngazi. Na wewe unajua kwamba akilala huvua kile kifaa cha masikio, na akishakivua hata bunduki haimwamshi.

Saa sita mchana amri ilitolewa kwamba wageni wote waingie ukumbi mkubwa wa mikutano, ambao hauna dirisha hata moja. Nilipovuka uwanja nilitazama juu, Velma, nikatamani nisingetazama. Mawingu yalikuwa yanakwenda haraka kuliko nilivyowahi kuona kitu chochote kikienda, na chini hapakuwa na upepo. Bendera za bustani zimelala kwenye milingoti. Zile treni walizifunga kwa minyororo. Hapakuwa na ndege hata mmoja bwawani.

Wafanyakazi walizunguka na vigari vya umeme, wakigonga milango, kuwaleta watu wa majengo ya mbali. Mvua ilianza ghafla. Mmoja wa wafanyakazi hao, mama mtu mzima aitwaye Yolette, Mhaiti, aliingia na mzigo wa mablanketi akiwa ameloa chapachapa, meno yanagongana. Nilikuwa na ile fulana ya Cephus ndani ya mkoba. Nikampa avae. Akaniambia, "Asante mama, sasa na mimi ni wa ukoo," na watoto wetu wakampigia makofi.

Saa nane kasoro, Bwana Sandoval alisimama na karatasi akamtaka kila mkuu wa familia athibitishe watu wake. Baba mmoja kutoka Indiana alibabaika. Hesabu yake ilikuwa tisa, mara kumi. Mimi nilihesabu kama nilivyohesabu darasa langu miaka thelathini na minane. Watoto hawatulii, na katika ukumbi wenye watu mia nne huwezi kushika nyuso. Nilihesabu fulana. Zilikuwa ishirini na sita. Nilipanda juu ya kiti nikatangaza kwa sauti kwamba Tolliver wote wamo. Kisha nilimwambia yule baba wa Indiana, watu wakisikia, kwamba mtu mzima anapaswa kujua kuhesabu.

Saa nane kamili mlango mkubwa ulifungwa na kuwekewa meza nzito. Mlango mdogo wa jikoni uliachiwa walinzi wawili na kigari kimoja hadi saa nane na nusu, kwa ajili ya waliochelewa. Baada ya hapo na wenyewe ulifungwa.

Sitaweza kukueleza vizuri yaliyofuata, ingawa nitajaribu. Umeme ulikatika, zikabaki taa ndogo nyekundu juu ya milango. Sauti ya upepo ule haikuwa ya kuvuma. Ilikuwa kama mtu anayeburuta kabati zito juu ya paa, akasita kupumua, akaanza tena. Masikio yalituuma kama tuko ndani ya ndege inayoshuka. Maji yaliingia chini ya mlango mkubwa, wanaume wakayazuia kwa mazulia. Mahali fulani nje kitu kikubwa cha chuma kililia kwa muda mrefu, kikanyamaza, na hakuna aliyethubutu kusema ni nini. Mtoto wa mpwa wetu Renita aliniuliza kama farasi wa mbao wanaogopa. Binamu Wilhelmina alianza wimbo wa kanisani, akapotea sauti kama kawaida yake, na Dorsey akamwambia, "Dada Wilhelmina, shusha kidogo, hata kimbunga kina masikio." Tulicheka. Kicheko chenyewe kilinitisha, kwa namna kilivyotukatika sote mara moja.

Saa tisa kasoro dakika kumi Dorsey alikuja kwangu na kipande cha mkate wenye siagi ya karanga. Akaniuliza, "Shangazi, mzee kakaa wapi? Nimemwekea mkate."

Tulimtafuta safu kwa safu. Dorsey aliita jina la baba yake ingawa anajua baba yake hasikii. Hapo nilishika mdomo wangu, nikawaambia wote kwamba fulana ya ishirini na sita ilikuwa imevaliwa na Yolette, na kwamba Cephus yuko chumbani kwake, amelala.

Dorsey alirukia mlango. Bwana Sandoval alimzuia kwa mwili wake, akamwambia kwamba akiufungua mlango ule upepo utaingia chini ya paa na kulibeba, na humu mna watoto mia moja. Dorsey akapiga kelele, "Yule ni baba yangu, si sanduku mlilolisahau!" Wanaume watatu walimlaza chini wakamkalia. Mmoja wao alikuwa yule baba wa Indiana, naye alikuwa akilia huku amemshika. Yolette aliivua ile fulana akaja kuiweka mapajani mwangu, akaenda kukaa mbali nasi na nguo zake mbichi.

Tulikaa hivyo kwa muda wa karibu saa tatu. Kila kishindo nilikihesabu kuwa ndicho kilichomwua kaka yetu.

Upepo ulipungua saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Dorsey na walinzi walitoka kwanza. Nami niliwafuata, hakuna aliyenizuia. Uwanja ulikuwa umejaa vioo na matawi. Msonobari mmoja ulikuwa umelala juu ya jengo la mwisho, umelipasua paa mpaka sakafuni. Niliona shati jeupe limening'inia kwenye tawi, nikapiga magoti ndani ya maji.

Hakuwamo ndani ya shati lile. Alikuwa ndani ya beseni la bafuni, amejifunika godoro, kama mama alivyotufundisha sote tukiwa wadogo. Kelele haikumwamsha, kitanda kilimwamsha kwa kutikisika. Alijikokota mpaka bafuni, na alipokuwa anavuta godoro mlangoni ndipo mti ulipoanguka, boriti ikaubana mkono wake wa kulia. Alilala hivyo, mkono nje na mwili ndani. Walimtoa kwa msumeno. Alimtazama Dorsey akasema, "Umechelewa, nilikuwa karibu kukodisha chumba hiki kwa vyura."

Yaliyobaki unayajua. Madaktari walishindwa kuuokoa mkono, wakaukata juu kidogo ya kiwiko. Wiki iliyopita alihamishiwa hospitali ya hapa Macon. Jeraha linakauka vizuri, na homa imeondoka. Anawaambia wauguzi kwamba wazee wa mtaa wetu sasa watatembea na vichaka vichwani mpaka wafe.

Jumapili baada ya ibada walikuja wote nyumbani kwangu na vyakula. Dorsey alisimama akasema kwamba bila Shangazi Ardelia kukumbuka ile fulana, wangeanza kumtafuta baba yake kesho yake, na wangemkuta maiti. Walinipigia makofi, Velma. Renita alinibusu. Na wewe mwenyewe ulinipigia simu usiku ule, ukanishukuru, ukalia.

Mpaka hapa nimekuandikia habari hii kama nilivyowasimulia wote. Sasa nitakuandikia sehemu niliyoiacha.

Sikuikumbuka fulana ile saa tisa kasoro dakika kumi. Niliikumbuka saa nane na dakika kumi. Yolette alikuwa anamiminia watu kahawa, amenipa mgongo, nami nikaona rangi ya chungwa juu ya mgongo nisioufahamu. Nilielewa papo hapo. Nilitazama saa yangu. Ndiyo maana naijua dakika. Mlango wa jikoni ulikuwa bado wazi. Nilikiona kigari kwa macho yangu, na walinzi wawili wakivuta sigara. Safari ya kwenda jengo la mwisho na kurudi ilikuwa dakika tano.

Nilinyanyuka nusu, nikakaa tena. Baba wa Indiana alikuwa ameketi hatua nne kutoka kwangu. Muda mfupi tu nilikuwa nimesimama juu ya kiti na kumwumbua mbele ya watu. Nilijiambia kwamba jengo lile ni la matofali. Nilijiambia kwamba labda amekwisha kuingia na nimempita tu. Na nilijiambia jambo jingine, nalo ndilo lisiloniacha nilale: kwamba amenidharau mbele ya watoto, na akitishika kidogo atajifunza. Nilitazama mlango ule mpaka ulipofungwa. Ulipofungwa, Mungu anisamehe, nilihisi nafuu, kwa sababu sasa hapakuwa tena na la kuamua.

Cephus mwenyewe amewaambia watu mti ulianguka lini, maana saa yake ya mkononi ilisimama pale boriti ilipoigonga. Ilisimama saa tisa kasoro dakika ishirini. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara jibu ni lile lile. Ningesema nilipojua, angekuwa ukumbini na sisi, ananitania, na mikono yake miwili.

Jana nilikaa naye. Aliniambia, "Usijilaumu, dada. Mkaidi ni mimi." Nilimtengenezea mto. Nilimkatia kuku vipande vidogo, nikaja nyumbani. Leo ni siku ya kumi ninakwenda kumwambia, narudi sijamwambia. Yolette naye amebeba lawama isiyo yake, na Dorsey amemwandikia meneja maneno makali juu yake. Nimekwisha kumwandikia Bwana Sandoval ukweli. Bahasha iko hapa mezani pamoja na hii yako.

Sikuombi unitetee, wala sikuombi unisamehe kwa njia ya posta. Ninakuomba jambo moja tu. Barua hii itakufikia Ijumaa. Alhamisi saa nne asubuhi nitakuwa kando ya kitanda cha Cephus. Ukishasoma, mpigie simu, umwulize kama nimemwambia. Akikuambia kwamba nilikuja, nikazungumza habari za kanisa, nikaondoka, basi msomee wewe barua hii, polepole na kwa sauti kubwa, usikiruke kipande hata kimoja.

Nitazipeleka bahasha zote mbili posta sasa hivi, kabla hawajafunga, ili zitoke mikononi mwangu.

Msalimie sana shemeji Lionel, na wajukuu kila mmoja kwa jina lake. Mungu akutunze goti lako na moyo wako. Nakupenda, na nilikupenda hata kabla hujajua kutembea.

Ni mimi dada yako,
Ardelia Tolliver