Kofia ya Wendell

Darlene shosti, nimeharibu. Nimeharibu kwa mdomo wangu mwenyewe!

Yale mafao ya serikali ya wazimamoto wenye saratani, wamemnyima mume wangu.

Nilibeba ile kofia yake ya kazi, nyeusi tii kwa masizi. Si unajua wanavyoringia uchafu pale kituoni, eti kofia chafu ndiyo alama ya moto mwingi uliouzima? Nikamwambia afisa, "Wendell hajawahi kuiosha hata siku moja!" Nilidhani ndio ushahidi kwamba masizi ya kazi ndiyo yaliyompa saratani!

"Hajawahi kuiosha? Kanuni zinataka vifaa vioshwe kila baada ya moto. Basi mama, kajitakia."

Kajitakia! Mtu aliyetoa watoto wa watu motoni!

Nimerudi, yuko kitandani, hata supu haipiti. Kaniuliza, "Kofia wameionaje?"

Nimemwambia wameipenda.